UZI: Farasi wa mbio za mapipa na nguzo hapa Tanga. Kabla ya kasi, angalia damu na miguu

Mleta uzi

Wakuu salaam. Kuna mama mmoja wa Pongwe aliuliza kwenye uzi mwingine: binti yake wa miaka 13 amejifunza kupanda farasi likizo zote akiwa kwa shangazi yake Arusha, sasa roho yake yote iko kwenye mbio za mapipa na mbio za nguzo alizoziona mtandaoni. Mama yuko tayari kununua farasi na kumleta Tanga. Majibu aliyopata mengi yalikuwa ya kebehi, na yaliyobaki yalikuwa ya kumsifia kasi tu: yule ana mbio, yule ana damu ya mashindano. Hakuna hata mmoja aliyemwambia kinachoua farasi huku Pwani. Nimefanya kazi na farasi Kenya na Arusha kabla ya kurudi nyumbani, na hili sikuweza kulipita kimya. Uzi ni mrefu, mtanivumilia.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Mtu wa Tanga, Pangani au Bagamoyo asichague farasi wa mapipa kwa kushika saa. Amchague kwa damu iliyopimwa, miguu iliyokaguliwa na kichwa kilichotulia. Kasi atakayokuwa nayo farasi wa namna hiyo itamtosha binti wa miaka 13 na itabaki.

Kwa wasioijua michezo yenyewe. Mbio za mapipa ni mapipa matatu yaliyopangwa pembetatu. Unaingia mbio, unazunguka la kwanza, unazunguka la pili, unakwenda la tatu lililo mbali, kisha unarudi moja kwa moja kwenye mstari ulioanzia. Kwa vipimo vya Marekani, mapipa mawili ya mwanzo yanaachana mita 27.4, kutoka kila moja hadi la tatu ni mita 32, na kutoka mstari wa kuanzia hadi usawa wa yale mawili ni mita 18.3. Kuligusa pipa si kosa. Ukiliangusha unaongezewa sekunde 5, na ukikosea njia huhesabiwi muda kabisa. Farasi mzuri kwenye vipimo hivyo humaliza kwa sekunde 17 hivi, kwa hiyo pipa moja chini limeshakutoa.

Mbio za nguzo ni nguzo 6 kwenye mstari mmoja, kila moja mita 6.4 kutoka kwa mwenzake, zikiwa na urefu wa mita 1.8 hivi. Unakimbia kando yake hadi ya mwisho, unageuka, unarudi ukipenya katikati yake kushoto kulia hadi ya kwanza, unageuka tena na kupenya mpaka ya mwisho, kisha unanyoosha kurudi. Hapa pia kila nguzo inayoanguka ni sekunde 5.

Wengi wanafikiri farasi akiweza mapipa basi nguzo anaziweza. Sivyo. Kwenye mapipa kazi kubwa ni kujua kupunguza. Anakuja shoti, hatua mbili tatu kabla ya pipa anakaa kwa makalio, anageuka, anachomoka. Ukianza na pipa la kulia, utageuka kulia mara moja na kushoto mara mbili. Kwenye nguzo hakuna nafasi ya kukaa. Anatakiwa kubadilisha mguu unaotangulia kila anapopita nguzo bila kupoteza mwendo, mwili ukiwa karibu umenyooka. Farasi mwenye tabia ya kudondosha bega ndani ya kona, kwenye pipa unaweza kumsaidia. Kwenye nguzo bega hilo litalala kwenye ya tatu, na kuanzia hapo zinafuatana. Ndiyo maana anayetaka farasi mmoja kwa michezo yote miwili namshauri ampime kwa nguzo kwanza. Akibadilisha mguu vizuri pande zote mbili, mapipa atafundishika.

Kuna farasi mmoja lazima nimtaje kwa sababu habari yake inamhusu mama huyu. Anaitwa Scamper, wa binti wa Kimarekani, Charmayne James. Binti huyo alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za mapipa mwaka 1984 akiwa na miaka 14, na wakaushika pamoja miaka 10 mfululizo, hadi 1993. Kwenye fainali za 1985 hatamu zilimtoka Scamper kichwani katikati ya mbio. Alimaliza mapipa yote bila lijamu mdomoni na wakashinda raundi ile. Alikuwa farasi aliyehasiwa na alinunuliwa kwa dola 1,100. Siyo kwamba nanyi mtampata wa hivyo kwa bei hiyo. Natazama jambo jingine: bila hatamu farasi hasukumwi na mtu, anakwenda kwa anachokijua. Hicho ndicho cha kununua.

Naendelea chini na magonjwa. Msinikatishe, hapo ndipo penye uzi.

Mdau wa Kaole

Natia nanga hapa. Shusha nondo mkuu.

Mleta uzi

Tuje kwenye Pwani yetu.

Mwaka 1871 Stanley alitoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Livingstone akiwa na farasi wawili. Wote wawili walikufa mwanzoni tu mwa safari, kabla msafara haujafika mbali na Pwani. Misafara ya enzi zile ilitegemea mabega ya wapagazi, na mtu akipita Bagamoyo leo akaona Caravanserai, kituo cha zamani cha misafara hiyo, ajue sababu moja ya wapagazi wengi vile ni kwamba wanyama wa mizigo walikuwa hawadumu njiani.

Adui wa mchana ni mbung'o. Wanaleta nagana, na farasi akiipata ile inayoletwa na vimelea aina ya brucei hali yake huwa mbaya kuliko ya ng'ombe: homa inapanda na kushuka, anavimba chini ya tumbo na miguuni, anakonda huku anakula, mwishoni nyuma inalegea. Msifikiri ni habari za kale. Ranchi ya Mkwaja, kule kati ya Pangani na Saadani, ilianzishwa miaka ya 1950 na kampuni ya mkonge ya Amboni ili kuwalisha nyama wafanyakazi wa mashamba. Miaka yote ile ng'ombe walikuwa wakiishi kwa dawa za kinga dhidi ya nagana, na mwaka 2000 ranchi ikafungwa, ardhi ikaingia Hifadhi ya Saadani. Mbung'o hawakufungwa pamoja nayo. Unguja wao walipona: madume ya mbung'o yaliyofanywa tasa yalizalishwa hapa hapa Tanga, kwenye taasisi yetu ya utafiti, yakamwagwa kisiwani kwa ndege kuanzia 1994, na tangu 1996 hakuna mbung'o wa porini aliyeonekana tena kule. Watu wa Tanga tuliwasafishia jirani. Upande wetu wa bara bado.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mama wa Pongwe siyo "farasi gani", ni "zizi liko wapi". Pongwe, Maweni, Amboni, kandokando ya mji ambako ardhi imelimwa na vichaka vimepungua, kuna nafuu. Ukisogea Pangani kuelekea Mkwaja, au Bagamoyo ukavuka Wami, sikushauri kabisa. Na jambo dogo ambalo wauza tandiko hawakwambii: mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kitambaa cha chini ya tandiko nunua cheupe au cha rangi ya udongo.

Adui wa usiku ni usubi. Hawa wanaleta homa ya farasi ya Afrika, ugonjwa wa virusi ambao kwa farasi asiye na kinga unaweza kuua zaidi ya 70 katika kila 100 wanaougua. Anaweza kula vizuri jioni, asubuhi ukamkuta anapumua kwa shida na povu linatoka puani. Punda na punda milia wanaubeba bila kuumwa sana, ndiyo maana mtu akikwambia "mbona punda wangu mzima" hajakujibu kitu. Kinga ni chanjo, inayojulikana zaidi ikitoka Onderstepoort, Afrika Kusini, na lazima ichanjwe kabla ya msimu, siyo usubi wakishajaa. Pamoja na chanjo, zizi liwe na wavu wa matundu madogo na farasi awe ndani kabla jua halijazama mpaka lichomoze vizuri. Usubi hupenda kipindi cha mwishoni mwa masika, unyevu ukiwa bado na joto lipo.

La tatu ni kupe, wanaoleta homa ya damu, mkojo wa rangi ya chai na ufizi wa manjano. Na la nne ni joto lenyewe. Farasi aliyezoea ubaridi wa Arusha au Nairobi akishushwa Tanga wakati wa kaskazi, Januari au Februari, anaweza kuacha kutoka jasho kabisa. Mwili unachemka, pua zinapanuka, ngozi kavu. Farasi wenye damu ya mbio ndio huathirika zaidi. Mlete wakati wa kusi, Julai au Agosti, mvua zimepita, upepo upo, azoee polepole kabla joto halijarudi.

Nimeandika haya yote kwanza kwa sababu pesa ya farasi mwenye kasi inaweza kuzikwa ndani ya wiki sita. Nimeshuhudia kwa watu wenye uwezo kuliko wengi wetu.

Mama Pongwe

Ahsante sana kaka, Mungu akubariki. Ndiye mimi niliyeuliza. Zizi nitajenga nyuma ya nyumba, shamba ni la ekari nne, majirani wana mbuzi na punda wawili. Sasa farasi mwenyewe nimtafute wapi? Kuna mtu ananiambia aagize kutoka Marekani, wale wa mbio fupi.

Mleta uzi

Dada karibu, na hongera kwa kumsikiliza mtoto.

Hao anaowasema ni Quarter Horse. Jina linatokana na robo maili, kama mita 400, umbali ambao hakuna anayewashinda. Kwa mapipa wameumbwa: kifua kipana, makalio mazito, wafupi wa kimo. Lakini kumsafirisha kwa ndege kutoka Marekani kunaweza kuzidi bei yake mwenyewe, na akifika hajawahi kukutana na kupe wetu wala usubi wetu. Huyo anayekwambia anaagiza, muulize nani atakayelipa farasi akifa karantini.

Mimi ningeenda kwenye farasi wa polo, ule mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo ndefu ukiwa juu ya farasi. Polo inachezwa Kenya na Arusha, na farasi wake hustaafishwa mchezo ule wakiwa bado na miaka mingi ya kazi nyepesi. Fikiria anachokijua farasi wa polo: anaongozwa kwa mkono mmoja, ukigusisha hatamu shingoni anageuka; anakwenda shoti akasimama; anazungukia makalio; anabadilisha mguu; hashtuki watu wakipiga kelele wala farasi mwenzake akimgonga ubavu. Kipindi kimoja cha polo ni dakika 7. Mbio za mapipa hazifiki nusu dakika. Na amezaliwa au ameishi Afrika Mashariki, kwa hiyo magonjwa yetu si mageni kabisa kwake.

Kasoro yake ni mdomo na kano. Mdomo, kwa sababu lijamu za polo ni kali, na mtoto akimvuta kwa lijamu ile farasi atarusha kichwa. Mrudishe kwenye lijamu laini miezi miwili mitatu. Kano ndiyo ya kukagua kwa mikono yako, nitaieleza.

Chaguo la pili ni farasi waliostaafu mbio za Ngong, Nairobi. Hao ni wengi kuliko wa polo na huuzwa nafuu. Wana kasi isiyo na ubishi. Ila wamefundishwa kunyoosha na kupinda kona ndefu, siyo kujikunja kwenye pipa. Hatua zao ni ndefu, damu yao moto, na ndio wale wa kuacha jasho huku kwetu. Kwa mpandaji mzoefu mwenye mwaka mzima wa kufundisha, sawa. Kwa binti wa miaka 13, hapana.

Umri, chukua wa miaka 9 hadi 14, aliyehasiwa au jike mtulivu. Dume achana naye hata ukipewa bure, hasa ukiwa na punda wa jirani karibu na uzio. Kimo, sentimita 148 hadi 155 begani zinatosha. Mrefu zaidi ya hapo anapata taabu kujikunja na binti anapata taabu kupanda.

Mdau wa Pangani

Mkuu mimi napingana nawe kidogo. Kwa nini asinunue mdogo wa miaka mitatu, bei ya chini, wakakua pamoja na mtoto? Upendo wa farasi aliyekulia mikononi mwako hauna mfano.

Mleta uzi

Upendo sikatai, nami nimelea wadogo. Lakini mtoto anayejifunza na farasi anayejifunza wakiwekwa pamoja, hakuna anayemfundisha mwenzake. Halafu mifupa na viungo vya farasi wa miaka mitatu havijakomaa, na hakuna mchezo unaokamua kisigino cha mguu wa nyuma kama kukunja pipa kwa kasi. Ukimchosha sasa, akifika miaka minane anachechemea, na binti ndiye atakayelia. Nitakubaliana nawe mwaka binti atakapofikisha 18 na ameshapanda farasi wa aina nyingi.

Mdau wa Kaole

Tupe ukaguzi mkuu. Kuna jamaa ananiita nikaone farasi Jumamosi, anasema "njoo na pesa, wanunuzi ni wengi".

Mleta uzi

Anayekuharakisha kwa wanunuzi wengine mwache auze kwa hao wengine.

Ukienda, fika mapema kuliko mlivyopatana. Unataka kumkuta farasi hajapandwa, hajamwagiwa maji, hajatembezwa kulegeza viungo. Gusa mgongo: ukiwa na joto na jasho lililokauka, uliza kwa nini.

Anza chini. Inua kwato zote nne, chimbua uchafu, nusa. Harufu ya kuoza katikati ya kwato ni kawaida kwa zizi lenye unyevu na hutibika. Nyufa zinazopanda hadi kwenye nywele ni kitu kingine. Kisha chuchumaa pembeni, siyo mbele yake, shika mguu wa mbele chini ya goti. Kuna kano mbili nyuma ya mfupa, unazisikia kama kamba mbili zilizokazwa. Teleza vidole gumba na shahada polepole kutoka goti hadi kifundo. Zinatakiwa ziwe nyembamba, baridi, zinazotengana ukizibana. Ukikuta sehemu nene, au yenye joto, au farasi anavuta mguu unapofika pale pale kila mara, hapo kano imeumia, sasa au zamani. Rudia mguu wa pili, linganisha. Wasiojua huangalia meno kwanza. Mimi ningetumia robo saa nzima kwenye kano hizi.

Halafu mwombe mtu amtembeze kwenye ardhi ngumu, kokoto au lami, kwanza hatua, kisha mchakamchaka, kwenda na kurudi. Macho yako yawe kichwani mwake. Akiumwa mguu wa mbele, kichwa hupanda pale mguu mbovu unapokanyaga. Akiumwa nyuma, utaona nyonga moja inaruka juu kuliko nyingine. Mzungushe duara kulia na kushoto. Mwisho mwite daktari wa mifugo akunje mguu wa nyuma, aushikilie dakika moja hivi, aachie na farasi aondoke mchakamchaka papo hapo. Hatua mbili tatu za kukakamaa unaweza kumsamehe farasi wa miaka 12. Akiendelea kuchechemea, visigino vimeshatumika, na mapipa hayatavisamehe.

Ndipo upande. Wala usipande wewe wa kwanza, mwenye farasi atangulie. Akikataa kumpanda farasi wake mwenyewe, rudi nyumbani. Panga mapipa matatu, au hata ndoo, umtembeze kwenye njia nzima kwa hatua, kisha mchakamchaka. Farasi anayejua kazi hutembea kwenye mapipa kwa utulivu kama anavyotembea malishoni. Yule anayeanza kurukaruka, kukanyagakanyaga na kugoma langoni, ameshachukia uwanja, na chuki ya lango haitoki kwa wiki mbili za upole. Mbio ndiyo iwe ya mwisho, mara moja tu, na baadaye mshushe umsikilize moyo. Akiwa ametulia hupiga 28 hadi 44 kwa dakika. Baada ya mbio utapanda sana, lakini dakika 10 hadi 15 baadaye uwe umeshuka chini ya 60 hivi. Tia kiganja chini ya manyoya ya shingo na katikati ya mapaja ya nyuma: pawe na jasho.

Mtabibu wa mifugo

Mkuu umeeleza vizuri, naongezea la kitaalamu. Kuna dawa ya maumivu, phenylbutazone, watu wa farasi huiita "byuti". Farasi anayechechemea akipewa asubuhi, mchana anatembea safi kabisa mbele yenu. Kwa hiyo damu ichukuliwe siku ile ile ya ukaguzi na sehemu yake ihifadhiwe, na hati ya mauzo iseme kwamba ikikutwa dawa mauziano yamevunjika. Muuzaji mwaminifu husaini bila maneno.

Damu hiyo hiyo ipimwe vimelea vya nagana na vya homa ya kupe. Kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari kipo Tanga, msiseme hakuna pa kupima. Kama farasi anatoka Kenya, kibali cha kuingiza kinaombwa wizara ya mifugo kabla hajapanda lori, na cheti cha afya kinatoka kwa daktari wa serikali ya huko. Hata akitoka Arusha, kibali cha kusafirisha mifugo lazima.

Na tafadhali, dawa za nagana za ng'ombe msizichome wenyewe kwa kukisia. Farasi anadhurika haraka na baadhi yake kwa kipimo ambacho ng'ombe hakimsumbui.

Mleta uzi

Daktari ubarikiwe, hilo la byuti nilitaka mtu wa fani aliseme. Kuna farasi nilimwona akinunuliwa hivyo, nyumba fulani siitaji. Siku ya pili alishindwa kushuka kwenye lori.

Kijana wa Muheza

Wakuu chakula je? Huku tuna pumba za mahindi tele na mashine iko jirani.

Mleta uzi

Hapa nenda taratibu mdogo wangu. Farasi ni mnyama wa majani. Mwenye kilo 450 anahitaji kilo 9 hadi 10 za majani makavu kwa siku, na maji lita 40 au zaidi kwa joto la Tanga. Pumba ni kidogo tu juu ya hapo. Pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na farasi anayelishwa pumba kwa wingi mwili wake huanza kuchota kalsiamu mifupani. Uso unavimba, miguu inadhoofika, na mchezo wa mapipa umeishia hapo.

Mahindi yenye ukungu usimpe hata kidogo. Kuna sumu ya ukungu ambayo ng'ombe huistahimili lakini kwa farasi inaharibu ubongo. Na chakula cha kuku kiwe mbali na zizi lake kwa kufuli, kwa sababu baadhi yake kina dawa ya kuzuia kuhara damu inayoitwa monensin, na kiasi kidogo tu kinaua moyo wa farasi. Kijana wa zizi aambiwe hili kabla hata farasi hajafika.

Chumvi ya kulamba iwepo muda wote. Jasho la farasi lina chumvi nyingi kuliko letu.

Mdau wa Kaole

Na mazoezi ufukweni je? Huku Kaole mchanga upo wa kutosha.

Mleta uzi

Mchanga mkavu wa juu, hapana. Mguu unazama, kano inavutwa kila hatua, na ukimgeuza kwa kasi pale unajitafutia ugonjwa. Maji yakitoka, ule mchanga mbichi ulioshikana unafaa kwa kutembea na mchakamchaka wa kunyooka. Kwa mapipa tafuta uwanja wa udongo uliolainishwa juu, sentimita chache tu, chini kukiwa na mshiko. Uwanja wa mpira wa shule unatosha kwa ukubwa, ila ardhi yake wakati wa kiangazi ni ngumu kama sakafu. Mwagia maji na upige haro nyepesi, na kwa hilo ongea na mkuu wa shule kwa adabu.

Mdau mwingine

Mimi sielewi. Tanga hakuna hata shindano moja la mapipa. Atashindana na nani?

Mleta uzi

Atashindana na saa. Mchezo huu ulianza kupata chombo chake mwaka 1948, wanawake 38 walipokutana San Angelo, Texas, kwa sababu kwenye rodeo, yale mashindano ya wachunga ng'ombe, za wanaume hawakuwa na nafasi ya maana. Walianza na walichokuwa nacho. Binti wa Pongwe akipima mapipa yake kwa vipimo vile vile, sekunde zake ni sekunde halali, anaweza kuzilinganisha na za mtu yeyote duniani. Na akipatikana mwenzake wa Arusha au Nairobi mwenye hamu hiyo hiyo, tayari kuna shindano.

Mama Pongwe

Kaka, nimeshasoma yote na binti yangu amesoma. Ameuliza: farasi akifika Agosti, aanze lini mapipa?

Mleta uzi

Mwambie swali zuri.

Safari kwanza. Kutoka Arusha kuja Tanga ni zaidi ya kilomita 400. Lori litoke alfajiri, lisimame Same na Mombo, anyweshwe. Wasimfunge kichwa juu safari nzima. Farasi asiyeweza kuinamisha kichwa hawezi kutoa makohozi na vumbi, na homa ya mapafu hufuata siku ya pili au ya tatu. Kila kituo alegezwe kamba ainame. Akifika, apimwe joto asubuhi na jioni wiki mbili, liandikwe daftarini. Kawaida ni kati ya 37.5 na 38.5. Ikizidi, daktari aitwe siku hiyo hiyo. Asichanganywe na punda wa jirani muda huo.

Wiki nne za mwanzo ni kutembea tu, asubuhi jua likishachomoza vizuri na usubi wamepungua, kabla mbung'o na joto havijaanza. Binti amsafishe mwenyewe, ajifunze miguu yake ilivyo ikiwa mizima, ili siku ikibadilika aitambue kwa vidole. Baada ya hapo mapipa kwa hatua, halafu kwa mchakamchaka, na shoti isije kabla ya Oktoba. Hata akishaiva, mapipa kwa kasi mara moja kwa wiki inatosha. Siku nyingine ampeleke barabara za shamba la mkonge, amnyooshe, acheze nguzo polepole.

Mapipa ya lita 200 yapo Tanga hayana shida, ila chagua yaliyofungwa juu na chini, maana mdomo wazi wa pipa hukata goti. Ukingo wa juu uzungushie mpira wa ndani wa gurudumu. Nguzo ziwe za bomba la plastiki, zisimame ndani ya ndoo ndogo ya zege, bila chuma ndani. Zikianguka zianguke. Kofia ngumu ya kupandia haina mjadala, hata siku ya kutembea.

Ukishapata farasi unayemfikiria, weka hapa majibu ya damu na picha za miguu minne kwa pembeni. Daktari yupo, nami nipo. Usilipe kabla hatujayasoma.